Shajara ya kinanda: dakika moja kabla ya wimbo

6 Oktoba

Mradi huu umeanza kwa aibu, niseme tu ukweli. Jumapili ibada imeisha, nafunika kinanda changu, kaja mzee mmoja akaniambia kijana, ile uliyopiga wakati watu wanaingia imenigusa, ilikuwa inasema nini? Nikabaki nimesimama kama nimemwagiwa maji. Hicho kipande nimekipiga miaka sita, vidole vinakijua hata ukizima taa, lakini kinasema nini... nikamjibu ni cha Bach, yule mtunzi Mjerumani, mzee wangu. Akacheka, akasema sijakuuliza ni cha nani.

Basi nimefika nyumbani nimefungua daftari jipya. Mpango ni huu: vipande 12 vya kinanda vinavyopigwa kanisani, kila kimoja nitafute hadithi yake, nani katunga, ilikuwaje, alikuwa anawaza nini, alafu kabla sijapiga nasimama naongea dakika moja tu ili watu wasikilize wakijua wanasikiliza nini. Nimechora safu nne: kipande, hadithi, ina ushahidi au la, nimeshapiga au bado. Hiyo safu ya tatu nimeiweka tu daftari lionekane la mtu makini.

13 Oktoba

Nikaona nianze na chombo chenyewe kwanza. Kosa, ila kosa tamu.

Ogani, kile kinanda cha mabomba, haikuzaliwa kanisani. Ilizaliwa Alexandria, Misri, karne ya 3 kabla ya Kristo, kwa fundi mmoja Mgiriki aitwaye Ktesibios, mtu wa pampu na mambo ya hewa, akatengeneza mashine inayotumia uzito wa maji kuisukuma hewa iingie kwenye mabomba bila kuyumba. Yaani mwanzo wake ni ufundi bomba, sio ibada. Warumi wakaichukua wakaipeleka kwenye viwanja vyao, watu wanachinjana katikati ogani inalia pembeni. Sasa fikiria Mkristo wa zama zile anaisikia hiyo sauti, kwake ni sauti ya uwanja wa damu, atataka vipi isikike karibu na madhabahu? Karne nyingi zikapita kabla haijapokelewa, na makanisa mengi ya Kiorthodoksi mpaka leo wanaimba kwa koo za watu tu. Mwaka 757 kaisari wa Bizanti, Konstantino wa Tano, alimpelekea Pepin mfalme wa Wafranki ogani kama zawadi, na hiyo nayo ilikuwa zawadi ya jumba la kifalme, ndo kwanza taratibu ikaanza kusogea kuelekea kanisani.

Na hata baada ya kuingia ikatolewa tena. Zurich, Uswisi, mwaka 1527, wakati wa mageuzi ya kanisa ya mchungaji Zwingli, ogani ya kanisa la Grossmünster ilivunjwa. Kilichonishangaza ni kwamba Zwingli mwenyewe alikuwa mwanamuziki mzuri, anapiga vyombo kadhaa. Mimi nadhani asiyejua muziki hawezi kuuogopa kiasi kile, anayeuogopa ni yule anayejua unaweza kumfanya mtu nini.

Nilisimama nikayasema yote hayo. Dakika moja ikawa saba. Mwalimu wa kwaya alikuwa anagonga saa yake kwa kidole, kipande chenyewe nikakipiga nusu nikakatishia njiani.

27 Oktoba

Leo safu ya tatu imenigeuka.

Kuna hadithi kila mpiga kinanda kaisikia: Luther alichukua nyimbo za baa akazitia maneno ya Mungu, akasema kwa nini shetani abaki na nyimbo zote tamu. Nilishaiandika kwa kalamu nyekundu kabisa, maana ni hadithi ya kupigiwa makofi. Kumbe hilo neno la shetani halipo kwenye maandishi yake. Na hiyo baa inaelekea imezaliwa na jina tu, kuna muundo wa wimbo wa Kijerumani ambao tuni ya kwanza inaimbwa mara mbili alafu inafuata nyingine tofauti, mafundi waimbaji wa kale waliuita Bar, hauhusiani na bia hata tone, ila mtu akisoma Bar anaona kaunta na viti virefu. Kwa Kiswahili ndo balaa zaidi maana kipimo cha muziki wengine tunakiita baa hivyohivyo, kwa hiyo kwaya nzima inashinda baa kila Jumamosi na wachungaji wanajua.

Alichofanya Luther kweli ni kidogo na kwangu kina uzito kuliko hiyo hadithi. Wimbo wake wa Krismasi wa malaika anayetoka mbinguni juu, mwaka 1535 ulitoka na tuni ya wimbo wa watu, wimbo wa mafumbo wa mitaani, alafu 1539 ukatoka na tuni nyingine mpya. Yaani alijaribu, akaangalia, akabadilisha. Ni mtu anayefanya kazi, sio mtu anayetoa kauli.

Lakini nisije nikaonekana nasema nyimbo za dunia hazikuingia. Ziliingia sana! Ile tuni nzito ya Ijumaa Kuu, ya kichwa kilichojaa damu na majeraha, Hans Leo Hassler aliichapisha mwaka 1601 ikiwa wimbo wa mapenzi, kijana analia akili yake imevurugika na aliyeivuruga ni msichana. Mwaka 1613 ikachapishwa na maneno ya mtu anayetamani mwisho mwema, 1656 Paul Gerhardt akaja na maneno ya mateso ya Bwana, na Bach akaitumia mara tano ndani ya kazi moja ya mateso. Kila nikiipiga sasa nasikia yule kijana. Tena haiharibu, nashangaa, ni kama moyo ulikuwa umevunjika tangu mwanzo ila ulikuwa haujajua unamlilia nani.

Na Gastoldi, Mwitaliano, mwaka 1591 kachapisha wimbo wa kucheza dansi, Wajerumani 1598 wakauwekea maneno ya kwamba ndani yako Yesu ndimo furaha ilimo, Bach akaupigia ogani na mguu unarudiarudia mdundo uleule kama mtu anayeruka kamba. Hapa sihitaji kueleza chochote, ukiipiga watu wanatikisa vichwa wenyewe.

10 Novemba

Wiki mbili sijafanya kitu. Kitufe kimoja kimenasa, ile D ya katikati ukiibonyeza hairudi juu, nimefungua kinanda nimekuta kipande cha karanga. Sijui nimlaumu nani.

Ila mwalimu wa kwaya kaniita pembeni akasema ndugu yangu, vitangulizi vyako virefu, watu wanachoka. Jumapili iliyofuata nikapiga kodi tatu (sio za mapato, za kinanda, nota kadhaa zinazobonyezwa pamoja) nikanyamaza. Akaniita tena. Sasa nikiwa nasoma mambo ya Arnstadt, mji wa Ujerumani ambako Bach alikuwa mpiga ogani wa kanisa, nimecheka peke yangu mpaka jirani kagonga ukuta. Bach akiwa na miaka 20 mwaka 1705 aliomba ruhusa ya wiki nne akaenda mji wa Lübeck kumsikiliza Buxtehude, mpiga ogani mkongwe, safari ya kama kilomita 400, na hadithi inayosimuliwa ni kwamba alitembea kwa miguu, akakaa huko karibu miezi minne. Aliporudi, Februari 1706, baraza la kanisa likamweka kiti moto na maneno yakaandikwa kwenye kumbukumbu: anachanganya nota za ajabuajabu kwenye nyimbo mpaka waumini wanapotea. Na zaidi, kwamba mwanzo alikuwa anapiga muda mrefu mno, alipoambiwa akaruka upande wa pili akawa anapiga kifupi mno.

Kodi tatu! Yaani hiyo ndo hadithi pekee mpaka sasa ambayo safu ya tatu nimeandika NDIYO kwa herufi kubwa, na imeandikwa na watu waliomkasirikia, ndo maana naiamini.

24 Novemba

Nyimbo za uamsho. Hizi ndo watu wanazitaka, na hizi hadithi zake zimejaa mno mpaka zinafunika muziki.

Ni Salama Rohoni Mwangu: meli Ville du Havre ilizama Novemba 1873, binti wanne wa Horatio Spafford wakafa, mke akaokoka, yeye akaja kuandika maneno. Hii ni kweli na kila mtu anaijua. Lakini ni nani anayemsema Philip Bliss aliyetunga muziki mwaka 1876? Tuni aliipa jina la meli. Ukifungua vitabu vyenye majina ya tuni utaikuta pale juu, Ville du Havre, jina la chombo kilichoua watoto, tunapiga kila wiki hatuoni. Na Bliss mwenyewe alikufa Desemba mwaka huohuo 1876, daraja la reli limeporomoka Ashtabula, Ohio, treni imedondoka. Nilisema haya kanisani nikaona nyuso, nikajutia kidogo, maana baada ya hapo hakuna aliyeimba kwa sauti.

Sankey ni tofauti. Ira Sankey alikuwa anaimba huku anajipigia ogani ndogo ya kupampu kwa miguu, kwenye mikutano ya mhubiri Moody. Mwaka 1874 yuko kwenye treni kutoka Glasgow kwenda Edinburgh akaona shairi kwenye gazeti, la Elizabeth Clephane, kondoo tisini na tisa wamo zizini na mmoja kapotea, akalichana akaweka mfukoni. Mkutanoni Moody kamaliza kuhubiri juu ya Mchungaji Mwema, akamgeukia, una wimbo? Hana. Ana kipande cha gazeti. Kwa maelezo yake mwenyewe alikiweka mbele yake kwenye ogani, akabonyeza kodi ya A flati, akaanza kuimba nota moja moja zinavyokuja, beti ya kwanza ikaisha alafu hofu ikamshika, je beti ya pili ataweza kurudia hiyohiyo?

Hapo tu. Hofu ya beti ya pili. Mpiga kinanda yeyote anajua jasho hilo, kwanza mtu hubahatisha, tatizo ni kurudia ulichobahatisha.

Thomas Dorsey: mpiga piano ya bluzi, ule muziki wa Wamarekani weusi, alijulikana kama Georgia Tom. Agosti 1932 yuko St. Louis, mkewe mjamzito kabaki Chicago, ikaja telegramu mke kafariki, mtoto naye akafuata. Siku chache baadaye alikaa kwenye piano, mikono ikaiokota tuni ya zamani ya karne ya 19, maneno yakaja ya kumwomba Bwana amshike mkono. Ukipiga usiiharakishe, ile mikono ya bluzi ndo inayoomba pale.

Neema ya Ajabu sasa. Kuna maelezo yanazunguka kwamba inapigwa kwa vitufe vyeusi tu na kwa hiyo tuni yake ni kilio cha watumwa alichokisikia melini John Newton, mwandishi wa maneno yake. Vitufe vyeusi ni kweli, nimejaribu, anzia C shapu utaimaliza yote bila kugusa cheupe. Lakini tuni zenye sauti tano ziko duniani kote, na maneno ya Newton ya Januari 1773 yalikaa miaka zaidi ya sitini kabla hayajaunganishwa na tuni hii, ilikuwa 1835 huko Marekani, Newton kashakufa zamani. Na lile la kwamba dhoruba ya baharini ya 1748 ilimgeuza akaacha biashara ya watumwa kesho yake... hapana. Aliendelea, akawa nahodha wa meli za watumwa, akaacha bahari 1754 kwa sababu ya ugonjwa, na kitabu chake cha kuupinga utumwa kikatoka 1788. Miaka arobaini toka dhoruba. Hadithi ya kesho yake ni nzuri, hii ya miaka arobaini ni nzito, na ukiipiga taratibu utaona ina nafasi ya kutosha.

15 Desemba

Usiku Mtakatifu. Hadithi: panya wakatafuna mivukuto ya ogani, padre Mohr na mwalimu Gruber wakalazimika kutumia gita. Gita ni kweli, 24 Desemba 1818, Oberndorf karibu na Salzburg. Panya hawapo. Gruber aliandika maelezo yake mwaka 1854, na panya hakuwataja hata mmoja, wala ogani mbovu. Tena shairi Mohr alikuwa nalo tangu 1816.

Nimepoteza panya wangu. Na kusema kweli nimeanza kuchoka, kila ninapochimba nakuta hadithi tamu ni ya kubuni, na ya kweli ni ya baraza la kanisa linalolalamika. Daftari lina mistari mingi iliyokatwa.

1 Januari

Kuna kitabu kidogo cha Bach, Orgelbüchlein, aliandika sehemu kubwa alipokuwa Weimar, kati ya 1708 na 1717. Kilivyo: alichukua daftari tupu, akaandika juu ya kurasa majina ya nyimbo 164 kwa mpangilio wa mwaka wa kanisa, Majilio, Krismasi, mwaka mpya, mateso, Pasaka, kuendelea, alafu akaanza kujaza. Alijaza 46. Zingine zimebaki jina juu na mistari mitupu chini. Jamani. Na mimi nalia na vipande 12.

Nikachukua cha mwaka mpya nikakipiga leo. Jina lake mwaka wa zamani umepita. Sikuwa na hadithi yoyote, hakuna meli hakuna panya, kwa hiyo sikusema kitu, nikapiga tu. Sasa hiki kipande, tuni iko juu inaimba imejaa madoido, lakini chini sauti zote zinapanda kwa nusu nusu hatua, kitufe cheupe cheusi cheupe, kama mtu anapanda ngazi na mzigo. Baada ya ibada mama mmoja kanishika mkono.

"Mwanangu, shikamoo yangu utanipa baadaye. Leo tumefiwa na nani?"

"Marahaba... aa, shikamoo mama," nikajikanyaga. "Hatujafiwa. Ni wimbo wa mwaka mpya."

"Huo?"

"Ndiyo mama. Maneno yake ni ya shukrani."

"Basi aliyeshukuru alikuwa ameona mengi," akasema, akaenda zake.

Nikarudi kuyasoma maneno vizuri. Beti ya kwanza inasema tunakushukuru Bwana kwa kutulinda mwaka huu katika hatari kubwa namna ile. Hatari kubwa! Mimi miaka yote nilisoma tunakushukuru nikaishia hapo. Bach kaisoma beti mpaka mwisho, akachagua neno moja, hatari, akaandika kipande kizima juu ya neno hilo. Na yule mama hajui Kijerumani, hajawahi kuliona daftari langu, kalisikia.

Kwa hiyo nilikuwa natafuta hadithi nyuma ya muziki na kumbe ziko ndani, kwenye ubeti, na swali sio nani alikufa bali mtunzi alisimama kwenye neno gani. Nimeongeza safu ya tano: neno.

19 Januari

Safu ya tano imenila wiki mbili kwa kipande kimoja. Kwa anguko la Adamu vyote vimeharibika, maneno ya Lazarus Spengler ya 1524, Bach yuleyule, daftari lilelile.

Neno: anguko. Sio siri, liko kwenye besi. Mguu unashuka kwa kuruka, sio hatua, unadondoka nota saba chini, kimya kidogo, unadondoka tena, na marukio yenyewe ni yale mabaya, saba iliyominywa, sikio linasubiri kitu kingine. Katikati sauti moja inajinyonganyonga nusu hatua nusu hatua, wengi husema ni yule nyoka. Juu tuni inatembea kama hakuna kinachotokea.

Shida ni kwamba kinanda changu hakina pedali, vile vitufe vya kupiga kwa miguu. Ukurasa wa mbele wa hicho kitabu Bach kaandika wazi kwamba pedali ndani yake ni ya lazima, na mimi nilidhani mkono wa kushoto utajitahidi. Hautajitahidi. Ukikamata sauti mbili za kati, kidole gumba kiko kule, alafu urukie besi chini, lazima uachie nyoka. Nikamwachia nyoka, kipande kikawa kimya katikati, hakuna jaribu, kuna watu wanaanguka tu wenyewe. Nikaachia besi, kuna nyoka lakini hakuna anayeanguka.

Mwisho nikarekodi kwenye kompyuta. Besi peke yake kwanza, mara ya kwanza ikaenda vizuri mno ndo tatizo, ikasikika kama mazoezi. Anguko likipigwa kwa saa linakuwa ngazi. Nikarudia, safari hii baada ya kila mrukio nikauacha mkono ukae chini kidogo, kama mtu anajiuliza kweli nimeanguka, alafu ndo inafuata. Mara ya tisa hivi ikakaa. Juu yake nikapiga zile sauti tatu kwa mikono miwili, nimevaa spika za masikio, kijasho. Nikasikiliza yote usiku. Kuna sehemu nyoka anapita na besi inadondoka papo hapo na sijawahi kuisikia hivyo, miaka yote nilikuwa naisikia kama fujo.

Jumapili nilisema sentensi moja tu, nikasema sikilizeni chini. Nikaicheza kwenye spika. Mtoto mmoja mbele, kila besi ikishuka anainamisha kichwa.

2 Februari

Kwa ufupi tu. Toccata ya Widor, Mfaransa, 1879, ile wanayopigiwa maharusi wakitoka: nimetafuta neno, hakuna neno. Haijatungwa juu ya wimbo wowote wa kitabuni, ni sehemu ya mwisho ya simfoni yake ya tano ya ogani. Hadithi nzuri iko kwa Widor mwenyewe, aliwekwa kupiga ogani kanisa la Saint-Sulpice, Paris, mwaka 1870 kwa muda tu, akakaa mpaka 1933. Kwa muda! Nikiulizwa na mwalimu wa kwaya nitampa mfano huo.

Jehan Alain, Mfaransa naye, kipande chake Litanies, Agosti 1937. Watu husema aliitunga kwa msiba wa dada yake aliyekufa mlimani. Dada alifariki wiki chache baada ya kipande kumalizika. Juu ya nota Alain kaweka maelezo kwamba roho ikiwa taabuni na haipati maneno mapya ya kuomba huruma ya Mungu, inarudia dua ileile bila kukoma. Na ndicho unachokipata, tuni moja, inarudi, inarudi, inaongezwa moto. Sijakiweza. Mkono wa kulia unakata pumzi ukurasa wa tatu. Alikufa vitani Juni 1940 ana miaka 29. Nimekiandika kwenye orodha na nimeacha mistari mitupu chini yake, kama Bach.

23 Februari

Kwaresima imekaribia, nimefungua cha Bach, O Mensch, bewein, ee mwanadamu lilia dhambi yako kuu. Hiki nilikuwa nakiogopa maana wakubwa wote wamekipiga.

Tuni imefunikwa madoido mpaka huioni, mkono wa kulia unaimba kama mtu anayesimulia msiba anatafuta maneno. Ni E flati meja, ufunguo wa raha kabisa, sio maina. Mpaka mwishoni kabisa. Maneno ya mstari wa mwisho yanasema juu ya msalaba, muda mrefu. Hapo Bach kaandika adagissimo, taratibu kuliko taratibu, na kodi inayokuja ni C flati meja. Ukiangalia vidole umebonyeza B tu ya kawaida, cheupe kile unachokibonyeza kila siku, lakini kwa njia uliyopita kufika pale ni kama mlango umefunguka kwenye nyumba unayoishi, chumba hukijui.

Neno ni muda mrefu. Neno dogo kabisa la ubeti mzima. Sio damu, sio msalaba, ni muda. Alafu inarudi E flati na imekwisha.

Nimefanya mazoezi ya kipimo hicho kimoja siku nne. Kosa langu lilikuwa kukiandaa, naanza kupunguza mwendo vipimo vitatu kabla ili watu wajue kuna kitu kinakuja. Nikiacha, nikitembea kawaida mpaka mlangoni, kodi inanishtua hata mimi niliyeipiga mara mia.

9 Machi

Kimebaki cha mwisho, vya kutosha, 12 haijafika na haitafika.

Hadithi yake ndo kubwa kuliko zote: Bach kipofu, kitandani, anamwamuru mtu aandike wimbo wake wa mwisho, mbele ya kiti chako cha enzi naja sasa, anakufa tarehe 28 Julai 1750. Waliochapisha kazi yake ya fuga, muziki ambao sauti zinaingia moja moja zikiigana, mwaka 1751 waliweka kipande hicho mwishoni na kusema alimsomea rafiki yake mmoja aandike akiwa hana macho. Watu wanahesabu nota, herufi za jina lake ukizijumlisha kwa nafasi zake kwenye alfabeti zinatoa 14, wanazipata, na mimi nasema ukiitafuta 14 utaipata hata kwenye risiti ya sabuni.

Safu ya tatu: kipande kilikuwepo. Kiko kwenye daftari lilelile la Weimar, zaidi ya miaka thelathini nyuma, kifupi, vipimo 9, jina lake tukiwa katika shida kuu kabisa. Cha uzeeni ni hichohicho kimevuliwa madoido na kupanuliwa, kila mstari wa tuni unatayarishwa na sauti za chini kabla haujaingia. Kwenye chapa ya 1751 bado kina jina la zamani, shida kuu. Jina la kiti cha enzi liko kwenye mswada mwingine wa mkono, na huo umekatika njiani, kurasa zilizofuata hazipo.

Kwa hiyo kitandani hakubuni kitu. Kama alikuwa na nguvu ya kubadilisha, alibadilisha neno. Nota za tuni ni zilezile, jana nimepiga zote mbili nimeziweka sambamba, kwenye cha ujanani tuni inapamba kila hatua, mkono wangu wa kulia una kazi mpaka kidole cha mwisho, kwenye cha uzeeni nota ndefu zimesimama wazi na mimi sijui mikono niiweke wapi.

Yule mzee wa Oktoba kanipigia simu, kaniuliza Jumapili unapiga nini kijana. Nikamwambia kifupi, vipimo 9. Akauliza kinasema nini. Nikamsomea ubeti wa kwanza, tukiwa katika shida kuu na hatujui pa kwenda, kwenye simu akanyamaza kidogo, akaniuliza ni saa ngapi hasa nitaanza, asije akachelewa.

Ibada ni saa tatu. Naanza dakika kumi kabla, sitasimama kuongea.